Kanuni ya Anayenyanyuka

Jumatatu, 4 Mei

Siku mbaya. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Dukani aliingia mteja mmoja tu, akauliza saa ngapi, akatoka. Mimi ni fundi saa. Watu siku hizi wana simu, kwa hiyo hata hilo swali lenyewe nililishukuru.

Jioni nikaenda mezani. Niandike vizuri, maana huenda siku moja mjukuu akasoma. Meza ni ile ya drafti, kwenye karakana ya Fundi seremala, ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwangu. Tuko watano. Fundi mwenyewe. Kinyozi wa mlango wa pili. Mwalimu mstaafu, ambaye husinzia. Mimi. Na siku hizi Shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja, sasa ni mwezi wa pili na kochi limeshachukua umbo lake.

Meza yetu inajitawala. Hakuna mtu wa nje anayetuamulia. Kanuni tumezitunga wenyewe na zimeandikwa kwa penseli ya seremala kwenye kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa ukutani. Anayeongoza kwa ushindi mwisho wa mwezi ana haki ya kuongeza kanuni moja, wengi wakikubali. Na mimi ndiye Msomaji. Kanuni ikizua ubishi, mimi ndiye nasema maana yake, na nikishasema yamekwisha. Msomaji hukaa kwenye kiti chenye mikono. Kilitengenezwa kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi kukichukua. Wengine wanakaa kwenye benchi na makopo ya rangi.

Drafti siijui vizuri. Sijawahi kuijua. Lakini kusoma kanuni najua.

Leo Shemeji, aliyeongoza mwezi uliopita, ameongeza yake: Msomaji ashinde walau mchezo mmoja kila wiki. Jumamosi jioni ikimkuta hana ushindi, anaachia kiti. Alisema si kwa ubaya, shemeji yangu, ni kwa heshima ya meza. Mikono ikapanda, yote isipokuwa wangu. Wa Mwalimu ulipanda akiwa usingizini, naapa.

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho niliposhinda. Friji yetu ilikuwa bado inagandisha.

Nyumbani nikimwuliza binti yangu kuhusu kazi za shule, ananijibu kwamba ameshamwuliza mama. Dukani nimeshaeleza. Ni mezani tu ambako watu wazima hugeuka na kuniuliza: Msomaji, hapa sheria inasemaje? Kiti hiki sikitoi.


Jumanne, 5 Mei

Kwa kanuni zetu kila mtu hukutana na mwenzake mara moja kwa wiki. Nimeanza na Kinyozi, kwa akili. Kanuni ya tatu inasema: Anayenyanyuka kabla mchezo haujaisha, amefungwa. Sasa, Kinyozi ana wateja. Saa za jioni watu wakitoka kazini wanataka kunyolewa. Mimi kazi yangu ni kumchelewesha tu mpaka mteja aje. Atanyanyuka. Nimeshinda. Kitu rahisi hivyo, sijui kwa nini sikukiwaza miaka yote.

Nikashika zamu yangu nikatulia. Nikatazama ubao. Nikatazama dari. Kinyozi akalalamika kwamba kanuni ya tano inasema mchezaji asishikilie zamu kupita kiasi. Nikamwuliza, kiasi gani? Kanuni haisemi. Aliyeitunga alikuwa na haraka ya kwenda kula. Basi nikaisoma, kama Msomaji: kiasi cha mtu anakijua mwenyewe, kama shibe. Hakuna awezaye kumwambia mwenzake umeshiba. Nilijipenda mwenyewe kwa hoja ile. Hata Fundi alisimamisha msumeno kunisikiliza.

Mteja akaja. Akasimama mlangoni kwa Kinyozi, akapiga hodi. Kinyozi, pale pale alipokaa, akamwita aje huku na abebe mkasi na kitana kilichoko juu ya kabati. Akamkalisha kwenye kopo la rangi katikati ya magoti yake, akamnyoa huku anacheza. Mkono mmoja kichwani kwa mtu, mwingine kwenye kete. Hakunyanyuka hata kidogo. Nywele zikamwagika ubaoni mpaka sikujua tena kete ipi yangu. Akanifunga. Mteja alisema hajawahi kunyolewa kwa raha namna ile, akaahidi kuja na kaka yake.

Kisha manung'uniko. Eti si haki Msomaji ajisomee kanuni kwenye mchezo wake mwenyewe. Wakakubaliana wote kwamba nikicheza mimi, Kinyozi atakuwa Kaimu Msomaji mpaka mchezo wangu uishe. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na nywele za mtu ndani ya kola.


Jumatano, 6 Mei

Leo sikucheza. Nilisoma tu, na nilisoma vizuri. Walicheza Shemeji na Mwalimu. Shemeji akala kete ya mwisho ya mzee wa watu, akanyanyuka kujinyoosha, kama mtu aliyetoka shambani. Mimi wakati huo nilikuwa na chai mdomoni. Nikaimeza bila haraka, na ilipokuwa inashuka ndipo wazo likanijia.

Nikauliza, mchezo unaisha lini? Wakanitazama. Plaiwudi haisemi. Nikawaeleza: mpira hauishi kwa bao, unaisha kwa filimbi. Vivyo hivyo mchezo wetu hauishi kwa kete ya mwisho, unaisha Msomaji akitangaza. Mimi nilikuwa sijatangaza. Shemeji kanyanyuka. Kanuni ya tatu. Amefungwa.

Mwalimu akaamshwa ili apewe hongera.

Nilitegemea Shemeji atawaka. Wapi. Alitabasamu, akasema asante shemeji, hapo sikuwa nimepafikiria. Akashauri usomaji wangu uandikwe kwenye plaiwudi, usije ukasahaulika, pamoja na ule wa Jumanne kuhusu kiasi. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga na mstari chini yake. Kijana ana adabu kumbe. Labda nilimhukumu vibaya.

Nyumbani Mama Watoto alikuwa ameshasimuliwa. Alinipakulia, akasubiri nile, akauliza kama nimeongea na mwenye nyumba kuhusu bomba la jikoni linalovuja. Nikasema wiki hii imebana. Akasema, Baba Watoto, wewe ni mtu mzima. Nilitafuta namna nyingine ya kuyaelewa maneno hayo, nikaikosa.


Alhamisi, 7 Mei

Mwalimu. Huyu nilimwendea mapema, nyumbani kwake, kwa heshima zote. Saa yake ya ukutani ilikuwa imekufa na mkewe marehemu ndiye aliyeinunua. Nikamwambia nitaitengeneza bure, na yeye jioni, kwa utu uzima wake, anifanyie hisani ya kufungwa. Akasema mwanangu, hilo ni jambo dogo sana. Tukapeana mikono.

Nimeshinda na ile saa mchana kutwa. Nimeipa springi mpya kutoka akiba yangu mwenyewe, ile niliyokuwa naitunzia mteja wa maana. Inapiga vizuri mno. Mzee alipoisikia machozi yalimlengalenga, na mimi pia kidogo, lakini yangu yalikuwa ya springi.

Jioni tukacheza. Mwalimu akasinzia. Akiwa anasinzia, akanyoosha mkono akala kete zangu tatu kwa mpigo. Nikakohoa. Nikamkonyeza. Nikamgusa mguu chini ya meza. Akafungua macho, akaniuliza kwa upole kama naumwa, akanishauri ninywe tangawizi. Kisha akanifunga.

Njiani nilimkumbusha makubaliano yetu. Akajipiga paji la uso. Alisema alijua kuna kitu ameahidi leo, akadhani ni kununua sabuni. Alikuwa ameshainunua. Akanionyesha.


Ijumaa, 8 Mei

Asubuhi nilimtafutia Shemeji kibarua kwenye ghala la saruji, ili kesho aje mezani akiwa hoi. Alikwenda bila ubishi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amesharudi. Akasema wale watu hawakuwa wanamtaka yeye, walikuwa wanataka mtu wa kubeba vitu.

Jioni nikacheza na Fundi. Sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimechoka kuwaza. Nilitumaini tu kwamba ana kitanda cha kumaliza na akili yake itakuwa huko. Ilikuwa huko kweli, hata msasa hakuuweka chini. Anasugua, anacheza, anasugua. Kanifunga, na mguu wa kitanda ukawa laini kama shavu la mtoto.

Nilimsihi, kama rafiki wa miaka mingi, aseme kwamba tulikuwa tunajaribu tu na mchezo ule haukuwa rasmi. Fundi ni mtu mwema na aliona uchungu wangu. Lakini akasema, Msomaji, kanuni ni kanuni, wewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Sasa amebaki Shemeji peke yake. Kesho.

Sina usingizi wala sina hamu ya kula. Mama Watoto anadhani ni kuhusu bomba.


Jumamosi, 9 Mei

Nitajitahidi kuandika kila kitu kilivyokuwa, ingawa mkono hautaki.

Mpango ulikuwa mzuri. Jumamosi Mama Watoto hupika mapema, na tangu Shemeji aingie nyumbani kwangu hajawahi kuchelewa kula. Tuanze mchezo kabla ya mchana. Njaa itamwita, atanyanyuka. Mimi nilijiandaa kwa chai nzito na mkate. Vikombe viwili, tena vile vikubwa. Hapo ndipo nilipokosea.

Tukaanza. Kinyozi akiwa Kaimu, alikaa kwenye kiti chenye mikono, anapigapiga vidole kwenye mbao kama kwake. Nikacheza vizuri ajabu. Nikala hata kete moja. Ikafika zamu ya Shemeji. Akakunja mikono. Akatazama ubao. Akatazama dari.

Nikangoja. Nikangoja tena. Nikamwomba Kaimu aangalie kanuni ya tano. Kinyozi akageukia plaiwudi, akafuata maandishi yangu kwa kidole: kiasi cha mtu anakijua mwenyewe. Shemeji akasema kwa unyenyekevu kwamba chake bado.

Ndipo nikaelewa. Nashindana kukaa na mtu ambaye kwa miezi miwili hajafanya kazi nyingine yoyote.

Mchana ukapita. Akinyanyuka yeye, nabaki na kiti. Nikinyanyuka mimi, kwaheri. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwa duka langu, amekumbatia saa kubwa ya mbao. Mteja. Mteja wa kweli, pengine wa mwezi mzima. Nikampungia mkono. Nikaita, mama, ngoja kidogo. Msumeno wa Fundi ulikuwa unalia, hakunisikia. Akachungulia dirishani, akaondoka na saa yake.

Chai nayo ikaanza kudai haki zake. Nikakunja mguu juu ya mguu. Kinyozi akauliza kama kukunja mguu si kunyanyuka nusu. Wakalijadili hilo kwa kina. Mwalimu akaamka kuchangia. Nilitaka kulia. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mguu si mtu.

Jua limeshainama, akaingia Mama Watoto. Akasimama mlangoni, kanga begani, akatutazama sisi wawili. Akauliza tumekalia nini tangu asubuhi na chakula kimepoa. Nikamweleza kanuni ya tatu. Nadhani nilimweleza vizuri, na mifano juu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia mdogo wake, akasema: wewe, nyanyuka, kuna gunia la unga kwa mwenye duka na anataka kufunga.

Shemeji akatazama ubao. Akamtazama dada yake, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga vifungo. Akanyanyuka, mkono kiunoni.

Kanyanyuka! Nikaruka juu, nikasema nimeshinda, mashahidi mpo, nikakimbilia msalani nyuma ya karakana. Sijui kama kuna binadamu amewahi kuwa na furaha kama ile mahali kama pale.

Niliporudi Kinyozi alikuwa anatafuna mkate. Akaumeza bila haraka. Akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha akasema: mimi kama Kaimu, sasa hivi ndiyo natangaza kwamba mchezo umeisha. Kabla sijatangaza, Shemeji alinyanyuka, amefungwa. Na Msomaji naye alinyanyuka, amefungwa. Hakuna mshindi.

Nikasema huo ni upuuzi, mchezo uliisha pale Shemeji aliponyanyuka, hata mtoto anajua. Kinyozi hakubishana. Alinyoosha tu kidole kwenye plaiwudi, kwenye mwandiko wangu mzuri wenye mstari chini yake. Nikamgeukia Mwalimu. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alikuwa macho kabisa. Akasema, mwanangu, ndivyo ulivyotusomea.

Shemeji akanipa pole kabla ya kwenda na dada yake kuchukua unga. Nadhani ilimtoka moyoni, na hilo ndilo lilinikera zaidi.

Kinyozi hakuhitaji hata kuhama kiti. Mimi nikatafuta pa kukaa, nikapata kopo la rangi. Baadaye kidogo Fundi na Mwalimu wakabishana kuhusu kingi, kete iliyofika mwisho wa ubao, kama inaruhusiwa kurudi nyuma ikiwa imezibwa. Wakageukia kiti. Wakauliza, Msomaji, hapa sheria inasemaje? Nikafungua mdomo. Halafu nikaufunga, maana hawakuwa wananitazama mimi.

Imeniuma. Sikujua itaniuma kiasi hiki. Nilirudi nyumbani nikiwa nyuma ya Mama Watoto na mdogo wake, wamelishika lile gunia huku na huku. Hakuna aliyeniomba nisaidie.


Jumapili, 10 Mei

Asubuhi Mama Watoto alimwita mdogo wake sebuleni akamwambia imetosha. Nauli iko tayari, kesho arudi nyumbani kwao, akatafute maisha. Miezi miwili nimeyaombea maneno hayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina, na mara nyingi nimemwachia bisibisi mahali anapoiona, bila mafanikio. Leo nilikuwa wa kwanza kulishika begi lake.

Nikiwa nimelishika begi, nikaikumbuka kanuni ya tisa. Msomaji aliyeachia kiti aweza kurudishwa kwa kura tatu. Yangu ya kwanza. Ya pili ya Mwalimu, ambaye saa yake inapiga kwa springi yangu, na nitampigia simu asubuhi ya siku yenyewe asije akanunua sabuni nyingine. Ya tatu? Fundi hatathubutu. Kinyozi hawezi kupiga kura ya kujing'oa mwenyewe. Nikahesabu tena, jibu likawa lile lile.

Nikaliweka begi chini.

Nikamwambia mke wangu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia damu ni damu, kijana ndiyo kwanza anazoea mji, mwezi mmoja zaidi utatuua? Mama Watoto alinisogelea. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akasema fanya upendavyo, akaenda jikoni kukinga bomba ndoo nyingine.

Kwa Shemeji nilikwenda moja kwa moja kwenye jambo. Abaki, anipe kura yake. Alikubali papo hapo, kijana muungwana. Tatizo lake ni moja tu: tangu jana mgongo unamuuma kwa kule kukaa, na kwenye kochi hawezi tena kulala. Akauliza, kwa aibu, kama kitanda chetu ni kipana. Nikasema tutaelewana. Mama Watoto alitusikia. Alichukua mto wake na shuka, akahamia chumbani kwa binti yetu, na mlango akaufunga.

Yatapita hayo. Nikishakaa tena kwenye kiti, kila kitu kitakaa sawa. Ile kanuni ya kushinda mchezo mmoja kila wiki bado ipo, najua, lakini nimeitazama vizuri na naona haisemi mchezo wa nini. Binti yangu ana karata.

Kuhusu kitanda, safari hii sikutaka mambo ya mdomo. Tumeandikiana, nikachagua kila neno mimi mwenyewe, na sote wawili tumetia sahihi: Shemeji atalala kitandani mpaka mgongo wake upone. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, kwa jicho la Msomaji. Hayana mwanya hata mmoja.